Ijumaa Nne za Easter

Easter Kahindi nilimfundisha Kiingereza darasa la saba kule Kaloleni, na lau ningejua kazi atakayokuja kukifanyia, ningemfundisha vingine. Yeye simlaumu. Kujilaumu mwenyewe nako kumenichosha, lakini kuacha siwezi.

Siku hizi ni mama wa miaka arobaini na minne, mwembamba, vifundo vya vidole vimevimba kwa kufua. Kwa miaka tisa alimtunza Bi Kulthum huko Takaungu, katika nyumba kubwa ya mawe ambayo imebaki na vyumba viwili vinavyokalika. Mume wa Bi Kulthum alifariki zamani. Mtoto wake mmoja, wa kiume, alihamia Uingereza, akaoa huko, akafia huko. Aliyebaki ni mjukuu, Aaliya, msichana wa miaka ishirini na sita asiyejua Kiswahili zaidi ya kuitikia salamu. Bibi naye Kiingereza hakukijua. Kila Ijumaa baada ya adhuhuri Aaliya alikuwa akipiga simu ya video, na Easter akikaa katikati akibeba maneno ya huyu kumpelekea yule.

Tangu Ramadhani ilipokwisha, Bi Kulthum alikuwa akififia. Daktari wa Kilifi alimwambia Easter kwamba moyo wa bibi umechoka, amrudishe nyumbani, ampe anachokitaka. Alichokitaka bibi kilikuwa kimoja tu: kumshika Aaliya kwa mkono wake. Hakuwa amemwona ana kwa ana tangu mtoto ana miaka mitatu.

"Lakini usimwite," alimwonya Easter. "Ana kazi yake. Ukimtia hofu mwanangu, sikusamehe."

Kwa hiyo Easter alitakiwa kumleta mtu bila ya kumwita. Kuna watu hupewa kazi jamani!

Kwetu pwani, hata hivyo, hilo linawezekana. Mgonjwa wa kufa hatangazwi kwenye simu. Unasema, "Mzee hajambo, ila anaumwa kidogo, ukipata nafasi, pitia." Anayeambiwa hivyo haulizi la pili, anavaa viatu. Mimi mwenyewe niliambiwa mama yangu ana mafua. Nilitoka darasani na chaki mkononi, na nilipofika nyumbani turubai la msiba lilikuwa limeshafungwa uani.

Easter alimwambia Aaliya vivyo hivyo, kwa Kiingereza. Bibi yuko sawa, anaumwa kidogo, ukipata nafasi njoo. Aaliya akasikitika, akasema maskini bibi yangu, akashauri anyweshwe maji ya tangawizi. Easter akashukuru, akasema ni wazo zuri. Ijumaa ya pili Aaliya akauliza kwa nini wasijaribu kumtembeza kidogo asubuhi. Easter akashukuru tena, wazo zuri, na huyo bibi wa kutembezwa alikuwa akigeuzwa kitandani usiku na mchana asichubuke mgongo. Ijumaa ya tatu vikawa vidonge vya vitamini, pamoja na habari kwamba ataomba likizo, aje mwezi wa Disemba. Tulikuwa mwezi wa sita.

Na bibi naye alikuwa mjanja. Kabla ya kila simu alitaka akalishwe kwa mito mitatu, afungwe leso mpya, apakwe wanja. Akatabasamu mbele ya simu kwa nusu dakika, kisha Easter akaigeuza upande wake, na bibi akaanguka kwenye mito jasho likimtoka. Ndivyo wanawake wawili walivyokuwa wakimdanganya mtu waliyekuwa wakimhitaji.

Jumatano baada ya simu ya tatu, Easter alinijia Kibarani, ninakoishi na magoti yangu mabovu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekonda."

"Sijambo, Mwalimu." Akakaa, akakishika kikombe cha chai bila kunywa. "Yule mtoto nimemwambia mara tatu. Haji. Kwani hampendi bibi yake?"

"Ulimwambiaje?"

Akanieleza.

"Hajakusikia, Easter. Kwao ukisema mtu yuko sawa, basi yuko sawa. Na akikupa ushauri usiofaa, mkatalie."

"Nimkatalie vipi?"

"Sema hapana. Sema hilo halitasaidia."

"Hilo hukutufundisha, Mwalimu."

Hakulisema kwa ubaya, lakini liliniuma. Ni kweli. Nilikuwa na zoezi langu ubaoni, la kumjulia mtu hali. Mmoja anasema, unaonekana huna raha, kuna nini? Wa pili anasema kichwa kinamuuma. Wa kwanza anamshauri amwone daktari. Wa pili anajibu, asante, hilo ni wazo zuri. Watoto arobaini na wanane kwa sauti moja, na fimbo yangu ikigonga dawati. Nimelisomesha zoezi lile miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo yote hakuna mtoto aliyewahi kusema darasani mwangu kwamba daktari ameshaonwa na hakuna kilichosaidia. Angesema, ningemwambia hajajibu swali.

Nilitafuta karatasi nikamwandikia sentensi tatu. Alizisoma akipitisha kidole, akaniwekea karatasi mapajani.

"Haya ni matusi, Mwalimu."

"Kwao ndiyo heshima."

"Na Bi Kulthum? Amenikataza."

"Bi Kulthum anataka nini?"

Aliichukua ile karatasi, akaifunga kwenye pindo la leso yake.

Ijumaa nilikwenda Takaungu mwenyewe, kwa sababu namjua mwanafunzi wangu. Nilimkuta bibi ameshapakwa wanja. Simu ikalia. Aaliya alikuwa mchangamfu, akauliza bibi anaendeleaje. Easter akafungua mdomo, na nikasikia kwa masikio yangu akisema bibi yuko sawa. Nikamkazia macho. Aaliya akasema amewaza jambo: kwa nini wasitafute mtu wa kumkanda bibi miguu?

Easter aliigeuza simu upande wake. Karatasi hakuitoa.

"Hapana," alisema kwa Kiingereza, polepole. "Hilo halitasaidia. Bibi yako anakufa. Anataka kukushika. Njoo sasa, usingoje Disemba."

Msichana akaanza kulia, na kilio kikageuka hasira: kwa nini hukuniambia mapema?

"Nilikuambia," alisema Easter. "Nilikuambia mara tatu."

Bibi alikuwa akimtazama. "Yuwasemani?"

"Analia, Bi Kulthum."

"Umemwambia."

Easter hakukana. Bibi akageuza uso ukutani. Easter alibaki amesimama, simu mkononi, na niliona wazi anangoja kuambiwa afungashe vitu vyake. Miaka tisa. Nilitaka kuingilia kati, niseme kosa ni langu, lakini nani alikuwa na haja na kosa langu saa ile?

Sauti ikatoka kule ukutani, ndogo kabisa. "Yuwaja lini?"

Easter akauliza kwenye simu. "Jumapili, Bi Kulthum."

"Basi toa ile shuka nyeupe sandukuni, uianike. Imekaa sana."

Bi Kulthum alizikwa Jumanne. Jumapili alikuwa hai, nami nilikuwapo. Aaliya aliingia saa kumi alasiri, begi begani, mtandio umefungwa ovyo, na Easter akamkalisha ukingoni mwa kitanda, yeye akakaa chini kwenye mkeka ili afasiri. Bibi akaanza kusema mfululizo: baba yako alizaliwa chumba hiki, alikuwa mtoto wa kulia, una paji lake. Easter alifasiri sentensi moja, mbili. Ya tatu aliikatia katikati. Tulidhani anatafuta neno. Alikuwa amelala, kichwa kwenye mguu wa kitanda, mdomo wazi.

Aaliya alinyoosha mkono amtikise. Bibi akaudaka ule mkono njiani, akaushika kwa vidole vyake vikavu, akatikisa kichwa.

"Mwache," alisema.

Hakuuachia tena. Akaendelea kuzungumza kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili, huku akimpapasa, na msichana akimjibu kwa Kiingereza, machozi yakimdondoka. Mara moja Aaliya alinigeukia kwa macho ya kuuliza. Mimi lugha zote mbili nazijua, na nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kitandani. Nikanyamaza. Easter alilala mpaka magharibi, na hakuna aliyemwamsha.