Mgonjwa aliyekuwa bubu kila nilipoingia wodini

Kamwene wakuu,

Mimi ni mzee, nachapa kwa kidole kimoja, mnivumilie. Haya yalinipata mwenyewe, chumvi sijaongeza.

Enzi za Mwingereza nilikuwa mkalimani hospitalini Njombe. Kijana wa kijiji cha Yakobi, kaptula imepigwa pasi, Kiingereza cha middle school. Nilijiona sana.

Siku moja lori likaleta mama mmoja kutoka Makambako. Malaria ilimpanda kichwani akiwa sokoni, akawa anaweweseka na kukimbiza watu. Wakamfunga kamba.

Kwinini ikashusha homa. Siku ya tatu daktari Mzungu akaja kumpima akili, nami pembeni natafsiri kwa Kibena.

"Muulize jina lake."

Nikauliza. Mama akajifunika kaniki gubigubi, akageukia ukutani. Kimya.

Kesho yake vilevile. Keshokutwa nikapaza sauti kidogo, akaingia uvunguni mwa kitanda!

Daktari akaandika kwenye file: akili imeharibika, apelekwe hospitali ya vichaa Dodoma na lori la Ijumaa. Wakuu, siku zile mtu akipelekwa Dodoma, nduguze walianza kulia kabisa kama msiba. Mimi roho kwatu, si ndugu yangu.

Alhamisi mhudumu wa wodi, mama mtu mzima, akanivuta kando.

"We mtoto, yule mama ana akili zake timamu. Ukitoka tu, tunapiga soga mpaka uji unapoa. Hivi hukupeleka posa Kichiwa, kule karibu na Makambako?"

"Nimepeleka, mama."

"Basi ndiye mzazi wa binti. Alikuchungulia ulipokuja na mshenga. Ulitaka amwonyeshe mkwe uso?"

Nikakaa chini. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani wala kusemezana, ndiyo maana sikuwahi kumwona. Aibu niliyosikia! Halafu kicheko kikanibana.

Nikamkimbilia daktari. Nikaeleza yote, ingawa kumwambia bwana mkubwa amekosea haikuwa mchezo. Akasema, "Wewe kaa nje."

Akauliza mwenyewe kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, mhudumu akatafsiri. Nyuma ya dirisha nikamsikia mama mkwe akitaja siku, kijiji, na mbuzi wake mmoja mmoja kwa majina.

Kisha akasema, "Hebu mwulize daktari, kwao mtu humkodolea macho mkwe wake?"

Wodi nzima ikaangua kicheko, daktari naye. Akaichana ile karatasi ya kumpeleka Dodoma. Tangu hapo, kabla ya kupima akili ya mtu, alianza kuuliza mkalimani ni nani kwa mgonjwa.

Ijumaa lori likaondoka bila yeye. Nilifurahi mpaka nikasahau kula.

Somo langu: kabla hujamwita mtu kichaa, uliza kwao heshima ikoje. Na wewe ni nani mbele yake.

Binti nilimwoa. Alipozaliwa mtoto wa kwanza, wazee wakaturuhusu mimi na mkwe wangu kusemezana. Mama mkwe akaja kumpakata mjukuu, uso kaugeuzia pembeni bado, akanitamkia neno lake la kwanza maishani:

"Baba, eti Dodoma kuna baridi kama huku?"

Haya, wenye wakwe, uwanja wenu. Ila msinicheke sana.