Siku Shangazi Alipomlilia Mtoto wa Katuni

Nikipita karibu na mashine za kupasua mbao hapa Njombe, asubuhi jua likiwa bado halijakausha umande, harufu ya paina mbichi hunisimamisha njiani. Wenzangu huona mbao tu. Mimi huliona banda la video la Baba Jose kule Makambako, lililojengwa kwa mabanzi yaliyokuwa bado yanatoa utomvu. Utomvu ule uliganda kwenye magauni yetu, na mama zetu walisugua mpaka mikono ikawauma. Ndani mlikuwa na mabenchi, televisheni moja ya chogo juu ya kreti za soda, jiko la mkaa pembeni kwa ajili ya baridi, na giza zuri kabisa la saa nane mchana.

Nilikuwa darasa la nne. Kila likizo ya mwezi wa sita wazazi wangu walinipeleka Makambako kwa Shangazi Eliza, dada mkubwa wa baba, aliyekuwa na gesti karibu na maegesho ya malori. Wanaoijua Makambako ya mwezi wa sita hawahitaji kuelezwa. Upepo wake hupita kwenye sweta mbili na kukukuta ulipo. Lakini mimi niliipenda likizo ile kuliko Krismasi, kwa sababu Njombe hatukuwa na Meshaki.

Meshaki alikuwa mtafsiri wa banda. Mchana alikaa kwenye kigoda kando ya televisheni, kipaza sauti mkononi, akatueleza kwa Kiswahili kila lililosemwa kwenye picha. Kijapani hakukijua hata neno moja. Sisi tulilijua hilo na wala halikutusumbua. Siku hizi vijana wanaziita anime, na wanabishana mitandaoni ni ipi iliyowaliza zaidi. Sisi tulisema tu katuni za Wajapani, na kila mtu ndani yake alikuwa na jina la kwetu, maana Meshaki ndiye aliyewabatiza. Shujaa mwenye panga refu aliitwa Mtemi. Mzee mwenye ndevu mpaka kiunoni alikuwa Mtendaji wa Kata. Theluji ilipoanguka, Meshaki alituambia pale ni Kitulo, ndiyo maana watu wanatoa moshi mdomoni, na sisi tuliowahi kusikia habari za baridi ya Kitulo tukatikisa vichwa kwa kuelewa.

Katuni tuliyoipenda kuliko zote ilihusu msichana wa umri wetu ambaye Meshaki alimpa jina la Sikujua. Aliishi milimani na baba yake, seremala asiyesema sana, na mama yake mpishi. Kila asubuhi alikuta mezani kiboksi cha chakula cha kwenda nacho shule, kimefungwa kwa kitambaa cha bluu. Fundo la kile kitambaa lilikuwa baya, limekaa upande kama kilemba cha mlevi, na wenzake walimcheka. Akirudi nyumbani alinung'unika kwamba mama anajua kupika lakini kufunga hajui. Mama yake alicheka tu, hakujibu. Baba aliendelea kuranda ubao wake.

Basi mama yake Sikujua akaugua. Hawakutuonyesha kitanda wala daktari. Walituonyesha viatu vyake vikiwa mlangoni, siku moja, siku nyingine, na theluji inaanza kuvifunika. Ndipo Jeni, rafiki yangu wa nyumba ya pili, akanishika mkono, na mikono yetu ikawa ya baridi yote miwili. Halafu ikaja asubuhi ya baada ya mazishi. Sikujua anaamka, anavaa sare, anaingia jikoni akijua meza itakuwa tupu. Kiboksi kipo. Kitambaa cha bluu kipo. Na fundo ni lile lile baya, limekaa upande.

Anamtazama baba yake. Baba anatazama ubao.

Siku zote mama alipika, na baba ndiye aliyefunga fundo.

Sikujua anafungua, anaonja wali, umeungua. Anakula wote. Hapo Meshaki, aliyeweza kutafsiri hata mbwa akibweka, aliweka kipaza sauti mapajani akanyamaza. Tukabaki na sauti ya theluji, kama theluji ina sauti, na sauti ya watoto zaidi ya ishirini wakivuta makamasi.

Sasa hapa ndipo matatizo yalipoanzia, maana tulirudi nyumbani tukiwa watu wengine. Jeni alikuta mama yake anasonga ugali, akamkumbatia kiunoni na kulia mpaka ugali ukashika sufuria. Festo, mtundu aliyewahi kumfungia mbuzi wa jirani kanisani, aliamka kabla ya jogoo akachota maji, akafagia uwanja, akamuuliza mama yake kama hajambo kweli au anamficha. Mama yake alikaa chini. Mtoto anayefanya kazi bila kutumwa ana jambo, alisema, na kufikia saa nne alikuwa ameshapita nyumba kwa nyumba akiuliza kama na wengine wameona dalili. Wengine walikuwa wameziona. Mtoto mmoja alikuwa ameosha vyombo vya jana na vya juzi. Mwingine alimfungia baba yake kamba za viatu.

Wazazi wakahitimisha kwamba kule bandani kuna kitu kinawaingia watoto. Wengine walisema ni pepo, wengine walisema ni Meshaki, na wachache waliona hakuna tofauti. Mjumbe wa nyumba kumi akaambiwa banda lifungwe. Baba Jose alikuja gestini kwa shangazi, kofia mkononi, kwa sababu neno la shangazi mtaani lilikuwa na uzito. Alimweleza kwamba lile banda ndilo linalosomesha wanawe. Shangazi alimsikiliza huku akihesabu mashuka, kisha akasema hawezi kulifunga wala kulitetea jambo ambalo hajaliona. Wazazi waje Jumamosi, waonyeshwe hiyo katuni yenyewe, halafu waamue.

Kabla sijaendelea lazima mumjue shangazi yangu. Alikuwa mwanamke mrefu, sauti yake ilimfikia mtu ng'ambo ya reli. Msiba wowote ukitokea, hata kabla turubai halijafungwa, watu walikuwa wakiulizana kama Mama Gesti amefika, kwa kuwa yeye ndiye aliyejua sufuria zipi ziombwe wapi, mchele utatosha watu wangapi, nani apewe kisu na nani asipewe. Alikuwa na msemo wake, kwamba machozi hayaivishi ugali. Mwaka mmoja kabla ya hapo tulimzika bibi, mama yake mzazi, kijijini upande wa Kidugala. Siku tatu zote shangazi alikuwa jikoni, macho makavu, anaamrisha. Nilisikia ndugu wakinong'ona kwamba Eliza ana moyo wa jiwe. Mimi mwenyewe, sitawaficha, nilidhani ni kweli, na nilimpenda hivyo hivyo kama mtu anavyopenda nyumba imara.

Jumamosi wakaja. Mjumbe alikaa mbele na fimbo yake. Mwinjilisti wa usharika alikaa karibu na mlango ili ikibidi kukemea pepo asizibwe na watu. Mama yake Festo alikuja na chupa ya maji ya kuombea. Shangazi alikaa katikati, amejifunga kitenge juu ya koti, mimi pembeni yake. Sisi watoto tulikuwa na hofu kubwa, maana tulijua Jumatatu kulikuwa na sehemu mpya na huenda tusingeiona maisha yetu yote.

Meshaki naye aliogopa, na hofu ikamharibia tafsiri. Alianza na katuni ya Mtemi. Mtemi alichomoa panga, na badala ya kutoa vitisho vyake vya kila siku akawasalimu maadui, "Bwana asifiwe." Mtendaji wa Kata akahimiza watu walipe ahadi zao za kanisani. Hata farasi alipolia, Meshaki akasema anamshukuru Mungu kwa majani. Mwinjilisti alikuna kidevu. Mjumbe akanong'ona kwamba mbona hawa Wajapani ni Walutheri wazuri tu. Tulikuwa tukijibana tusicheke, Jeni akauma kitambaa chake cha kichwa.

Kisha ikaanza ya Sikujua, na viatu vikaja mlangoni. Theluji ikaanza.

Nilisikia benchi likilia, wakubwa wakijiweka sawa. Mama yake Festo aliisahau chupa yake mapajani. Ilipofika ile asubuhi ya baada ya mazishi Meshaki akaweka kipaza sauti chini, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Lile fundo likaonekana. Nikasikia pembeni yangu sauti ambayo sikuijua, nene, kama kitu kinachopasuka taratibu chini ya maji. Nikageuka. Shangazi alikuwa analia.

Hakulia kwa kujificha. Alilia mdomo ukiwa wazi, kitenge kimeanguka, mabega yanapanda na kushuka, na kadiri Sikujua alivyokula ule wali ulioungua ndivyo alivyozidi. Akina mama wakamfuata mmoja mmoja, kama kwaya inavyofuata anayeanzisha. Mjumbe aliiegemea fimbo yake akainamisha uso. Mwinjilisti aliangalia dari, na dari lilikuwa turubai, hakuna kitu cha kuangalia pale. Sisi watoto tulisahau kulia. Tulikuwa tunawatazama wao.

Picha ikaisha. Mwinjilisti akakohoa, akasema moshi wa lile jiko si mzuri. Kila mtu akakubali kwamba ni moshi. Mjumbe akasimama, akanyoosha koti, tukangoja hukumu.

Akamgeukia Meshaki, akauliza, "Na huyu baba, ataoa tena?"

Meshaki akasema hajui, sehemu inayofuata ni Jumatatu.

"Jumatatu saa ngapi?" akauliza Mjumbe.

Banda halikufungwa. Ila wazazi waliweka sharti moja, kwamba siku za Sikujua watoto wakae mabenchi ya nyuma, ili wakubwa wapate kuona vizuri.

Tulirudi nyumbani shangazi na mimi. Kesho yake baada ya ibada tulikaa jikoni tukimenya viazi. Uso wake ulikuwa umevimba kidogo, lakini ulikuwa mwepesi, na alikuwa akiimba chini chini. Nilipata ujasiri nikamuuliza kwa nini alilia vile, na wale ni watu wa kuchorwa, hawajawahi kuishi wala kufa.

Alimaliza kiazi alichokuwa nacho.

"Mwanangu," akasema, "misiba yote niliyokwenda, nimekuwa jikoni. Nimempikia mume wangu msiba wake. Nimempikia mama. Watu walikuwa wengi, nani angewapa chakula? Sasa jana nimeingia msibani, nikakuta hakuna wa kupikiwa. Nimekaa tu."

Kisha akacheka. Akasema wali wa yule baba hakika ulikuwa mbaya, angeuona kwa macho asingempa hata kuku, na akaniambia nisikate viazi vinene hivyo kama matofali. Tukacheka wote wawili hadi mgeni wa chumba cha kwanza akachungulia.

Nilikuwa mtoto, na maneno yake niliyabeba kama mtoto anavyobeba mzigo aliopewa apeleke nyumba fulani, bila kuufungua. Nilichojua ni kwamba shangazi amefurahi, na Jumatatu tutakwenda. Miaka imepita. Sasa mimi ni mtu mzima, ninaangalia anime kwenye simu na binti za dada yangu, na wao huniuliza kwa nini tunapenda kitu kinachotuumiza. Wanadhani ni muziki, au ni yale macho makubwa yanayojaa machozi. Huenda. Ila mimi nadhani mtu wa kuchorwa anatupa nafasi ambayo walio hai hawatupi. Yeye hatudai chai. Wala hahitaji tuwe imara mbele yake. Hakuna ndugu anayetutazama apime kama tumelia vya kutosha au tumezidisha. Basi wale tuliowazika kwa haraka wanapata mlango wa kurudi, nao hurudi, wakakaa nasi kwenye benchi.

Hili nililielewa vizuri msibani kwa baba yangu mdogo, pale pale Makambako, nikiwa nimeshaolewa. Wanawake walikuja kumfuata shangazi, wakamwambia sufuria zimefika, wanamsubiri aanze kugawa kazi. Aliwaambia waendelee, leo anaye wa kukaa naye. Akavua viatu, akaingia ndani kwenye mkeka walikokaa wafiwa, akanyoosha miguu, akamshika mkono mjane na kuanza kulia kwa ile sauti nene niliyoisikia mara moja tu utotoni. Ndugu wengine walishtuka. Wakaniuliza mimi, kwa kuwa nilimjua zaidi, kama shangazi anaumwa.

Niliwaambia hapana, yuko salama kabisa. Wali wa siku ile tulipika sisi, uliungua, na watu wakala wote.