Upondo wa Hilaria

Kwetu Nangwa kuna korongo linalokata malisho katikati. Ndama wakibaki ng'ambo baada ya mvua, hakuna daraja la kuwafuata. Tangu utotoni tulivuka kwa mti: unakimbia, unauchoma chini, unajirusha nao. Sheria ilikuwa moja, na kila mtoto aliijua kabla hajajua kuandika jina lake. Mti ukipinda, achia. Mti unaopinda unakaribia kuvunjika, na anayeung'ang'ania ndiye anayechomwa na kipande chake. Violeth, binti wa jirani yetu, hakuachia. Mpaka leo anatembea akivuta mguu.

Dada yangu Hilaria alivuka vizuri kuliko wavulana wote. Alipomaliza darasa la saba alipata kibarua kwenye shamba kubwa la ngano la serikali. Shamba likauzwa, mmiliki mpya akaja na mashine zake, vibarua wakarudishwa makwao. Hilaria alirudi na ovaroli ya bluu tu, ndiyo aliyokuwa ameivaa siku Mwalimu Nikolausi wa shule yetu alipomwona akiruka korongo. Mwalimu akamweleza kwamba huo ni mchezo, unaitwa kuruka kwa upondo, na sasa hata wanawake wanashindana.

Akamkatia mwanzi mkavu, mnene. Tukasimamisha miti miwili, tukaweka ufito juu yake, na upande wa pili tukapanga magunia ya makapi ya ngano ya kuangukia. Hazikupita mvua nyingi, Hilaria akawa anaruka juu kuliko goli la mpira la shule.

Watu walimtania sana. Rukia, yaani Mama Zulfa, mwenye duka pale Katesh, alimwuliza mbele ya wateja, "Hilaria, siku hizi umeacha ungo, unasafiri kwa mwanzi?"

"Ungo nimekuachia wewe, Mama Zulfa," akajibu. "Wewe ndiye unayezijua njia."

Duka zima likacheka, na Rukia akacheka zaidi ya wote.

Mkoa wetu wa Manyara ulipokatwa kutoka Arusha, yakatangazwa mashindano ya riadha ya ndani ya ukumbi, huko huko Arusha, kwenye ghala la kahawa lililokuwa limebaki tupu. Bwana mmoja wa timu ya jeshi alimwambia mwalimu kwamba msichana atakayeshinda upondo atachukuliwa kambini na kupewa ajira. Hilaria hakuwa na neno lingine mdomoni. Mama naye alianza kuwaambia wenzake wa jumuiya kwamba binti yake atavaa gwanda.

Tulisafiri watatu, Hilaria, mwalimu na mimi, na mwanzi tukaufunga juu ya basi. Mlangoni mwa ghala mwamuzi aliutazama akatabasamu. Akasema huo si wa kuingia nao humu, unaweza kupasuka ukamuumiza mtu. Wote watatumia pondo zilizoletwa na wafadhili. Tukauegemeza ukutani nje.

Ndani kulikuwa na taa nyingi na magodoro makubwa kuliko nyumba yetu. Wasichana walikuwa wachache. Ufito wa kwanza uliwekwa chini ya kimo cha goli letu, nikaona Hilaria akicheka peke yake. Akakimbia vizuri, akachoma, akanyanyuka. Upondo ule ukapinda kama upinde. Akaachia. Akaanguka kwa miguu upande huu huu, kama mtu aliyeokoka.

Watu wakapiga makofi ya kumhurumia. Mwalimu Nikolausi alimfuata mbio akamwambia kwamba upondo wa hawa umetengenezwa kupinda, ndio unaomrusha mtu, auamini, aushikilie. Akaenda mara ya pili. Ukapinda, akaachia.

"Hilaria, nimekuambia usiachie."

"Nasikia, mwalimu," akasema, akijitazama viganja. "Mikono ndiyo haisikii."

Mara ya tatu, ndiyo ya mwisho kuruhusiwa, alifumba macho. Nilijua kabla hajafika. Mwamuzi akainua bendera nyekundu, akamwonyesha benchi.

Msichana aliyeshinda alipita ufito wa kimo ambacho Hilaria alikipita nyumbani akiwa na ovaroli. Nasema kweli, haukufika kimo cha goli. Bwana wa jeshi akampa mkono, akaondoka naye kuongea pembeni.

Hilaria akatoka nje bila kuaga. Nyuma ya ghala palikuwa na rundo la maganda ya kahawa, na mbele yake mlinzi alikuwa amefunga waya wa kuanikia nguo, juu sana, hata mwenyewe huanika kwa kupanda kreti. Akachukua mwanzi wake. Mimi na mwalimu tulifika kona tukamwona akikimbia. Mwanzi haukupinda hata kidogo. Akaupita waya, miguu kwanza, shati la mlinzi lililoanikwa halikutikisika, akazama kwenye maganda.

Mwalimu alikimbilia ndani kumwita yule bwana. Akarudi peke yake. Bwana alikuwa amekwisha kuondoka, na waamuzi walikuwa wanakunywa chai. Walisema ya nje hayahesabiwi.

Mlinzi ndiye aliyekuja.

"Dada, hapa si pa kuchezea," akasema. "Utanichafulia nguo."

"Nisamehe, kaka," Hilaria akasema, akaanza kujikung'uta.

Mwanzi hatukurudi nao, aliuacha pale pale. Nilipogeuka getini niliona mlinzi ameushika, anautumia kuinua waya wake uliolegea.