Kitambulisho Nilichotia Mkebeni

Mjengo wetu ulikuwa mtaa wa Fedha, ghorofa sita, nami nilikuwa karani wa getini. Kila asubuhi kila fundi aliniachia kitambulisho chake, nikakiweka ndani ya mkebe wa biskuti mpaka saa za kutoka. Kontrakta alikuwa ameniambia waziwazi kuwa asiye na kipande, yaani kitambulisho, asivuke geti. Mimi nilimvusha mmoja kila siku, miezi mitano.

Alikuwa Mrundi, fundi wa plasta, akiishi Dandora na mkewe na mtoto mchanga. Ukuta aliopiga yeye hukuhitaji kuurudia. Aliniambia kibali chake cha kazi kiko njiani, akanionyesha karatasi iliyokunjwa mara nne. Sikuisoma. Nilijua nikiisoma vizuri nitalazimika kumfukuza, na mimi ni mwoga wa kugombana na mtu aliyenisalimia vizuri. Nikajifanya hamnazo.

Siku moja, saa tatu asubuhi, gari la maofisa wa uhamiaji likasimama nje. Kontrakta akaanza kuongea nao pale barabarani. Nikamkimbilia fundi wangu nyuma ya stoo ya simiti, mkebe mkononi.

"Karani, nimekwisha," akasema.

Nikatoa kitambulisho changu mfukoni, nikakitupia mkebeni mbele ya macho yake. "Wakiita jina langu, itika wewe. Mimi si fundi, hawatanihesabu. Wakiniuliza, nitasema changu nimekiacha nyumbani Umoja."

"Na picha?"

"Picha hizi zetu? Hata mamangu hanijui kwa hiyo."

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili iliyojaa simiti. Kisha akampigia mkewe simu. Waliongea Kirundi, sikuelewa kitu ila neno "karani", alilolitaja mara mbili.

Ofisa aliyechukua mkebe alikuwa mpole, na upole wake ulinitisha kuliko kama angefoka. Alitoa kadi moja moja na kusoma jina. Mwenyewe aliitika "Niko!" akavuka upande wa pili wa ua. Fundi wangu alikuwa amesimama nyuma ya wote, midomo ikichezacheza, akikariri majina yangu matatu. Nami nilikuwa nimeanza kufikiria seli. Nilifikiria kodi ya nyumba, nikamfikiria mke wangu akiulizwa na majirani niko wapi. Kila kadi iliyotoka niliomba isiwe yangu. Shati lilinigandia mgongoni.

Ofisa akasoma jina langu.

"Niko!" nikasema.

Fundi wangu alikuwa amefungua mdomo tu. Ofisa akaitazama picha, akanitazama mimi, akanirudishia kadi na kunishukuru. Zilizobaki alizimaliza upesi. Mkebe ukawa mtupu, na upande wa kwanza wa ua akabaki mtu mmoja, fundi wangu.

"Buda, si umemchomea!" mmoja wa mafundi, aliyetuona nyuma ya stoo, akaninong'oneza, yaani nimemharibia mwenzangu.

Tangu hapo nimewaambia watu kuwa yalikuwa mazoea, jina lako likiitwa unaitika. Ni uongo. Nafasi ya kunyamaza niliipata. Niliogopa, na nilipoitika nilihisi nafuu, na nafuu hiyo ndiyo inayonitia aibu mpaka leo.

Walipomuuliza nani alimruhusu kuingia, alisema aliruka ukuta. Hakunielekezea hata jicho. Aliomba anawe mikono kwanza, wakamruhusu, akanawa polepole kwenye pipa letu la maji, halafu akaingia garini. Kontrakta akanipiga bega, akasema leo nimeifanya kazi yangu sawasawa.

Saa saba mwanamke alifika getini, mtoto mgongoni, mkononi amebeba kifurushi cha gazeti kilicholowa mafuta.

"Wewe ndiye karani?"

Nikaitikia.

"Mume wangu amenieleza kwenye simu ulichomfanyia. Sina kikubwa cha kukupa, kaka. Nimekupikia chapati."

Nilizipokea, bado zina moto, kabla sijamwambia yuko wapi.