Vidole Vitatu Visivyo na Mistari

Mufida Tawadros alipostaafu, wino ulichukua karibu mwaka mzima kutoka kwenye kucha zake. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa karani wa alama za vidole katika ofisi moja ya Sohag, ng'ambo ya mto, akiwabana watu vidole kwenye kibao cha wino, kimoja baada ya kingine, ili wapate vyeti vya tabia njema. Mtu akimpa mkono wa salamu, Mufida alikuwa ameshamsoma kabla hajamtazama usoni: huyu mwashi, huyu anaparua samaki, huyu hajawahi kufua hata leso yake.

Aliishi Akhmim na kaka yake Wissa, mfumaji, ambaye kitanda chake cha kufumia kiligongagonga upande wa pili wa ukuta tangu asubuhi hadi adhuhuri. Hapo ndipo simu ilipomkuta, akichambua majani ya mlenda.

"Bi Mufida? Mimi Daktari Shahira, mpiga picha za ndani ya mwili, kutoka Asyut. Mkuu wako wa zamani ndiye aliyenipa namba. Tuna mtu tunataka achukuliwe alama za vidole."

"Mlete hapa nyumbani. Ofisini sirudi."

"Hawezi kutembea, Bi."

"Anaumwa?"

"Amekufa."

"Maskini. Lini?"

"Kama miaka elfu mbili na mia tatu hivi."

Wissa aliposikia, alicheka hadi chai ikampalia. "Umewachosha walio hai, sasa unawafuata wafu! Afadhali huyo hatalalamika umemchafulia mikono."

Mufida alimwacha acheke. Alikuwa ameshaanza kujiuliza kama kidole kinaweza kutunza mistari yake muda wote huo.

Ghala la mambo ya kale lilikuwa nje kidogo ya Akhmim. Chumba kilikuwa baridi. Juu ya meza ndefu alilala mwanamke mdogo wa umbo, amefungwa vitambaa vya kitani tangu utosini hadi nyayoni, isipokuwa mkono wa kushoto. Wezi wa zamani walikuwa wamerarua vitambaa vyake wakitafuta pete, na mkono umebaki nje tangu hapo, mweusi, mkavu, vidole vimekunjwa kidogo. Jeneza lake halikuwa na maandishi, kwa hiyo hakuna aliyejua jina lake.

"Hatufungui kitu," alisema Daktari Shahira, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. "Mashine inatuonyesha mifupa bila kugusa uzi. Ila huo mkono uko wazi wenyewe, nikasema tusiuache bure."

Mufida alivaa glavu. "Samahani, mama," alisema, kama alivyowaambia maelfu kabla ya kuwashika mkono.

Wino haukutumika. Walipaka vidole mpira laini, ule ambao madaktari wa meno huchukulia umbo la meno, wakasubiri ugande, kisha wakaubandua taratibu. Mufida akauweka chini ya kioo cha kukuzia na kumulika tochi kutoka ubavuni, ili kila mstari utupe kivuli chake. Kidole kidogo kilikuwa na duara kama maji yaliyotupiwa kijiwe. Cha pete kilikuwa na kitanzi safi, kizuri kuliko vingi alivyowahi kuvichukua kwa walio hai. Lakini dole gumba, cha shahada na cha kati vilikuwa vitupu, laini kama mgongo wa kijiko.

"Itakuwa magadi," alisema daktari. "Walimkausha kwa magadi siku nyingi. Yamekula ngozi."

"Magadi hayachagui vidole, Daktari. Yangekula vyote vitano."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo alikuwa na kazi."

Kazi gani, hakujua, na kutokujua kulimwasha mwili mzima. Alirudi nyumbani kwa miguu akipanga watu kichwani. Waashi huliwa na chokaa mkono mzima. Wafinyanzi huisha viganjani. Wafuaji huchubuka kila mahali. Vidole vitatu tu, na viwili vya pembeni salama! Alikuwa amefika kwenye soko la mboga alipomkumbuka Khala Wagida, mama mdogo wa mtaa mzima, akasimama ghafla hata mwenye punda nyuma yake akamtukania ukoo.

Miaka ishirini na kitu nyuma, Wagida alikuja ofisini kutafuta cheti ili amfuate mwanawe Kuwait. Vidole vitatu vya mkono wake wa kulia vilitoa madoa matupu. Mufida alimrudisha nyumbani mara tatu, akimwambia anawe vizuri.

Kesho yake alimwendea na mkate wa jua, ule unaoumuliwa juani, umetoka tanuruni sasa hivi. Mzee alikuwa kibarazani, amejitanda nguo nyeusi.

"Nani huyo? Mufida wa wino? Umekuja kunirudisha mara ya nne?"

"Nimekuja kuomba radhi, Khala. Na kuuliza kitu."

"Ee, radhi ingekuwa peke yake ingekawia zaidi. Kaa. Mkate ni wa moto?"

Mufida alimweleza kila kitu. Wagida alisikiliza akitafuna, kisha akaomba uzi. Alikuwa muunga nyuzi wa karakana nzima: kila mtande mpya, zile nyuzi za urefu wa nguo, ulipofika, yeye ndiye aliyeunganisha uzi mpya na wa zamani, mmoja mmoja, maelfu kwa siku. Alilowesha ncha mbili kwa mate, akaziviringisha kati ya dole gumba na vidole viwili. Hakukuwa na fundo. Mufida aliuvuta uzi na haukuachia.

"Mkono mmoja hushika, mwingine husokota," alisema. "Unaosokota ndio unaoliwa. Wangu wa kulia. Wake?"

"Wa kushoto."

"Basi alikuwa na shoto. Nipeleke nikamwone."

Daktari Shahira hakutegemea mgeni wa pili, lakini alimpa kiti. Wagida alimtazama marehemu kwa muda, akaagiza miguu yake ifunikwe vizuri, kisha akarudia maneno yake: mwenzake huyu alitumia mkono wa kushoto. Daktari aligeukia kioo cha kompyuta, akafungua picha za mikono yote miwili, akavaa miwani.

"Mfupa wa bega hadi kiwiko," alisema taratibu. "Wa kushoto ni mnene zaidi. Niliuona wiki iliyopita, nikaupita."

Mufida alikuwa ameushika mkono wa kulia wa Wagida na kuugeuzia dirishani.

"Khala, uliacha kazi lini?"

"Macho yalipokataa. Mwaka wa tano huu."

"Mistari yako imerudi."

Ilikuwa kweli. Ilikuwa myembamba, imekatikatika, lakini ipo. Mufida alikwisha kuliona hilo kwa vibarua: mtu akiacha saruji miezi miwili, ngozi huanza kuandika upya.

"Daktari, huyu alikufa na nini?"

"Taya. Usaha wa jino umetoboa mfupa. Nilidhani aliugua muda mrefu kitandani."

"Hakulala muda mrefu. Angelala miezi miwili, ningeona mistari. Alisokota mpaka karibu na siku zake za mwisho."

Mufida alifikiria maumivu ya jino, na ncha mbili za uzi mdomoni, kutwa nzima. Alimwonea huruma kama jirani.

Daktari aliandika, akafuta, akaandika tena. Kwenye taarifa alitia neno "huenda" mahali pengi kuliko Mufida alivyopenda, lakini majina ya wanawake wawili wa Akhmim yaliwekwa chini, na Wissa aliyasoma mara mbili bila kufanya mzaha.

Walipokuwa wakitoka siku ile, Wagida aliuliza ule uzi ulikuwa wa rangi gani. Hakuna aliyejua. Swali hilo lilimkaa Mufida siku tatu nzima. Mwisho akapiga simu.

"Daktari, umewahi kuchungulia chini ya kucha zake?"

Upande wa pili ukasikika mburuzo wa kiti.

"Kesho saa tatu unaweza kuja?"