Helena Anayefuata Punje Ndani ya Damu Hai

Saa mbili asubuhi, Helena Chitanda anageuza kioo cha hadubini kuelekea dirishani, analitafuta jua. Kiganjani ana kigae chembamba cha kioo chenye tone la damu. Anakipasha joto.

"Zikipata baridi zinalala," anasema. "Mie nazitaka zitembee."

Anazisema chembe nyeupe za damu. Katika kituo hiki cha afya nje ya mji wa Mtwara, hupima wagonjwa sitini kwa siku kwa hadubini moja. Damu huikausha na kuitia rangi, kama wapimaji wote. Lakini jibu likimtia shaka, huirudia damu mbichi, aitazame ikiwa hai.

Kimelea cha malaria kikila wekundu wa damu huacha punje za kahawia. Chembe nyeupe huzimeza. Dawa ikiua vimelea, punje hubaki, na Helena huchora daftarini zilipokaa ndani ya chembe: zimetawanyika, au zimerundikana pembeni.

"Wauguzi walisema nachora maharage," anasema, akicheka.

Wao waliacha kucheka Machi mwaka huu, 1976, alipoletwa Mwajuma, mjamzito wa miezi saba, akiweweseka. Damu iliyokaushwa haikuwa na kimelea hata kimoja. Mama mkwe wake, Bi. Zuhura, akakata shauri: damu ikiwa safi, basi hilo ni pepo. Akaagiza machela, mkwewe arudishwe kijijini akapungwe.

Helena aliomba nusu saa. Katika damu mbichi akaziona chembe zikijikokota, tatu katika kila kumi zimesheheni punje. Akatoka mbio.

"Mama, mlimpa vidonge vya klorokwini?"

"Hatukumpa kitu, mwanangu."

"Sikugombezi, mama. Hata mama yangu mzazi alikuwa anaficha."

Bi. Zuhura akainama. "Viwili tu. Vya dukani."

Mficha maradhi kifo humuumbua. Huku kwetu watu huficha dawa, wakiogopa kukemewa na wauguzi. Vidonge viwili havikutosha kumponya Mwajuma, ila vilitosha kuvifuta vimelea katika damu ya kidoleni na kumdanganya mpimaji. Daktari alimtundikia dripu ya kwinini saa ileile.

Mwajuma alipona, akajifungua msichana. Kwa wiki nne alikuja kutobolewa kidole, na punje zikawa zinapungua. Wiki ya tano hazikuwepo.

"Mmoja hatoshi," anasema Helena. Anataka kufuatilia wagonjwa mia, ajue punje hukaa siku ngapi baada ya dawa, kisha awafundishe wapimaji wa vijiji vya ujamaa.

"Nikishajua, sitamwaibisha tena mama wa mtu kwa maswali. Nitaiuliza damu."