Upanga Niliouuza kwa Wimbo

Ukutani kwangu hapa Kahama nilikuwa na panga saba za bandia. Nilizipenda tangu enzi za mabanda ya video kule machimboni, na nyingi nilizinunua Isaka kwa madereva wa malori. Mke wangu husema, "Wenzako wananunua mabati, wewe unanunua vita." Ule mrefu wenye mpini wa kichwa cha simba sikuwahi kufikiria kuuuza.

Mwaka jana, baada ya mavuno, alikuja manju wa ngoma kutoka Samuye. Alikuwa amesikia habari za ukuta wangu. Tulipomaliza salamu akaushusha ule mrefu, akaupitishia kidole.

"Kaka, huu unakata?"

"Haukati hata ndizi mbivu."

"Basi ndio ninaoutaka!"

Kwetu ngoma mbili hushindana uwanja mmoja, saa ileile, na inayovuta watu wengi ndiyo inayoshinda. Msimu uliopita wapinzani wake walileta chatu. "Watu wote walihamia kwao. Nilibaki nachezea bibi wawili na mbwa, na mbwa naye akaondoka."

Nikamuuliza ng'ombe wa mshindi anatolewa na nani. Akamtaja. Moyo ukanipiga kama karasha la kusaga mawe. Ni yuleyule aliyekuwa na duara letu, shimo la dhahabu nililoachia mguu wangu kule Geita.

Nasema bila kuficha. Yule bwana aling'oa matimba, yale magogo ya kuzuia udongo, akayapeleka kwenye duara lake jingine, halafu akatuambia tushuke. Msimamizi wake alijua, akanyamaza. Tulishuka watatu, nikatolewa hai peke yangu. Kisha akatangaza kwamba matimba tuliyaiba sisi wenyewe, tukayauza kama kuni. Mama wa mwenzangu mmoja anaishi Samuye. Ulikuwa mwaka wa tisa akiitwa mama wa mwizi.

"Pesa sitaki," nikamwambia manju. "Nataka wimbo."

Akacheka. "Wa kukusifu?"

"Wa kusema nani aling'oa matimba."

Nikamsimulia yote. Kicheko kikaisha. "Kaka, na ng'ombe wake je?"

"Basi endelea kucheza na mbwa."

Akazunguka ua mzima akiutunga wimbo kwa sauti ya chini. "Hebu sema tena ilivyokuwa." Nikasema. Akazunguka tena. Hakuandika hata neno moja, na mimi wa darasa la tatu nisingemsaidia kuandika. Lakini alipoondoka na upanga wake, mke wangu alikuwa anaosha sufuria huku akiuimba ule wimbo.

Siku ya ngoma nilifika Samuye na magongo yangu kabla hata ya wapiga ngoma. Yule mama alikuwa amekaa pembeni peke yake. Nikamwamkia, akaitikia, sikumwambia kitu. Niliogopa manju angegeuka.

Wapinzani wakatoa chatu, watu wakamiminika kwao. Yule bwana kakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na ng'ombe wake, anachekelea. Ndipo manju akauinua upanga. Jua likapiga chuma, macho yote yakageuka. Akauweka kooni, akauvuta. Akauvuta tena! Akina mama wakapiga ukunga, watu wakaja mbio upande wetu, vumbi tupu, hata mwenye chatu akaja kuchungulia na chatu wake shingoni. Nilikuwa napiga mayowe kama mtoto.

Alipoona amewapata, manju akanyanyua mkono, ngoma zikashuka.

"Nani aling'oa matimba?"

Waitikiaji wake wakajibu, "Mwenye duara!"

"Wale vijana waliiba?"

"Hawakuiba! Walifukiwa!"

Mara ya tatu uwanja mzima uliitikia. Msimamizi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuondoka. Bosi wake akasimama, akapaza sauti kwamba ng'ombe ni wake na anaondoka naye, akaanza kuifungua kamba kwa mikono yake mwenyewe.

"Nenda naye!" watu wakamzomea. "Na matimba uyarudishe!"

Manju akanitazama, jasho linamtiririka, zawadi yake hiyo inaenda. Nikadhani atanilaani. Yule mama akapita katikati ya watu, akamshika manju mkono.

"Rudia, mwanangu," akasema. "Majirani zangu walichelewa kutoka kule kwa chatu. Hawakusikia mwanzo."

Akarudia.